Tulikuwa Mabula Wanne

Nina miaka thelathini na mitano, ni nyapara mgodini, na vijana huniamkia shikamoo kwa heshima. Sistahili hata moja! Someni, kisha mnihukumu.

Kwetu Usukumani, mtoto akizaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula. Baada ya vita vya pili vya dunia nilikwenda Geita kutafuta kazi ya dhahabu. Karani, mtu wa mbali, aliniuliza jina la ukoo, nikataja Mabula, jina langu la kuzaliwa. Wenzangu watatu wakajibu hivyo hivyo. Akadhani sisi ni ndugu, akatupa chumba kimoja kambini! Tulicheka sana siku ile.

Mwaka wa pili ikatangazwa kwamba Jumamosi atachaguliwa nyapara mpya. Wote walijua ni mimi. Jumatano dereva wa lori akanikuta mlangoni.

"Wewe ndiwe Mabula? Mama yako yu hoi kule Samuye. Anakuita."

Samuye ndiko kwetu! Moyo ulinipasuka... Lakini nikiondoka, si unyapara utakwenda kwa mwingine? Nikamjibu, "Si mimi. Ni Mabula mwenzangu, nitamwambia."

Na kweli nilimwambia Petro Mabula, mtu wa Ngokolo, kwamba mama yake anaumwa. Samuye sikuitaja! Nilitaka dereva akirudi kuuliza, akute kweli kuna Mabula aliyekwenda kwa mama yake. Petro alilia, akaondoka asubuhi bila ruhusa. Jumamosi nikapewa unyapara.

Siku ya tisa Petro akarudi, kichwa kimenyolewa kama mfiwa...

Alinieleza taratibu, bila hasira. Ngokolo alimkuta mama yake mzima, anatwanga mtama. Akajua mgonjwa ni wangu, maana wale Mabula wengine wawili mama zao walikwisha kufa, akaenda kwetu Samuye kwa miguu ili mama asikose mtu. Mama yangu alikuwa haoni tena. Aliposikia Mabula amefika, alimshika mkono akasema, "Umekuja, ng'wanawane, mwanangu." Petro angemkatalia vipi? Alikaa naye siku mbili mpaka akakata roho, kisha akatupa udongo wa kwanza kaburini, badala yangu.

"Nilidhani ulisikia vibaya," aliniambia. "Ulisikia vibaya, Yohana?"

Nilichukua taa yangu ya mgodini, nikaanza kuifuta. Akakunja mkeka wake, akahamia chumba kingine, na hatujasemezana tena.

Ninyi mlioko mbali na kwenu kwa ajili ya kazi, nawasihi! Mzazi akiita, nendeni siku hiyo hiyo, kazi na ipotee! Mama yangu alikufa akiamini mwanawe amekuja. Mwanawe alikuwa Geita, akipokea pongezi.