Taa ya Thelathini na Moja

Jioni taa mpya zilipowashwa kwa mara ya kwanza, Fundi Waya alizihesabu mara tatu, na mara zote tatu upande wa kushoto ulikuwa na taa moja zaidi.

Alikuwa amezifunga kwa mikono yake mwenyewe. Taa thelathini kulia kwa njia ya kurukia ndege, thelathini kushoto, kila moja na namba yake ya rangi nyeupe kwenye kitako cha zege. Mchana alipita na baiskeli akazihesabu: thelathini. Jua likazama, akawasha swichi: thelathini na moja. Ile ya ziada ilisimama baada ya namba thelathini, mwisho kabisa, pale ambapo mwezi uliopita tingatinga lilisawazisha kichuguu kikubwa ili njia irefushwe.

"Wewe hesabu ulijifunzia wapi, kwenye karata?" Mama Mluzi alimcheka. Alikuwa mlinzi wa uwanja, na jina hilo alilipata kwa mluzi aliopiga kufukuza mbuzi waliokuja kulala kwenye lami.

"Basi hesabu wewe, mama."

Mama Mluzi akanyoosha kidole, akahesabu huku midomo ikicheza. Alipofika mwisho, kidole kilibaki hewani. Kicheko kilimfutika usoni.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "mimi sijahesabu kitu. Na wewe hujahesabu kitu. Twende zetu."

Lakini fundi ni fundi. Alichukua bisibisi yake akaifuata ile taa. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi minne, ila kadiri alivyosogea ndivyo alivyosikia harufu ya udongo uliolowa. Akasikia pia mngurumo wa chini chini, kama ndege iliyo mbali ambayo haifiki. Zilipobaki hatua kumi, taa ilizimika. Alipomulika kwa tochi hakukuwa na kitako, wala waya, wala kioo. Palikuwa na ardhi tupu, na katikati yake doa la unyevu lenye ukubwa wa kiganja.

Asubuhi Injinia aliwakusanya wote kwenye ukumbi mpya, ambako viti vya chuma vilikuwa bado vimevaa nailoni.

"Mkaguzi anakuja leo jioni," alisema. "Akikuta kitu hakilingani na mchoro, hasaini. Asiposaini, hakuna ndege mpaka mwezi ujao. Kuna mwenye tatizo?"

Fundi Waya alitazama viatu vyake. Usiku uliopita mkewe alikuwa amempigia simu kutoka mji mkubwa. Binti yao wa miaka miwili na nusu, waliyemwita Kidoti, alizaliwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Tangu azaliwe alijua mwanga na giza tu. Sasa alikuwa amepasuliwa, na anaona.

"Ameniona mimi, baba Kidoti," mkewe alisema huku akilia na kucheka. "Kanishika pua, kaniuliza wewe nani! Nikamwambia mimi ndiye mama yako, akanikatalia! Sasa anamtaka baba. Daktari anasema tusipite barabarani, vumbi na mitikisiko vitamharibia. Turudi na ile ndege ya Alhamisi jioni. Itakuwepo, sivyo?"

"Itakuwepo," alimjibu.

Kwa hiyo hakusema kitu mbele ya Injinia. Mchana, wenzake walipokwenda kula, alikwenda peke yake kwenye namba thelathini, akafungua kioo, akatoa balbu, akaitia mfukoni. Kama jioni taa zitakuwa moja zaidi, aliwaza, basi na nipunguze moja.

Jioni mkaguzi alipita na gari taratibu, daftari kwenye goti. "Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini." Akaandika, akasaini, akampa fundi mkono. "Kazi safi."

Mama Mluzi aliyaona yote hayo akiwa getini. Gari lilipoondoka alimjia fundi, na safari hii hakuwa na utani hata kidogo.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimetoa balbu moja tu, mama. Nitairudisha kesho."

"Kitu kisicho chako hakihesabiwi! Kilikuwa kinazurura tu kwa sababu mmekibomolea nyumba. Sasa kimeandikwa kwenye daftari, kimepewa namba. Umekiajiri, mwanangu. Unajua kitafanya kazi gani?"

"Usinitishe."

"Kamwambie Injinia."

"Nikimwambia watafunga. Mke wangu na mtoto watakaa kule mwezi mzima, na hatuna ndugu kule. Niache, mama yangu. Tafadhali."

Jumatano alirudisha balbu. Haikuwaka. Akabadilisha balbu, akabadilisha soketi, akapima waya, na umeme ulikuwepo. Giza lilipoingia namba thelathini ilibaki nyeusi, na ile nyingine ikawaka vizuri kuliko zote, nyeupe, tulivu, kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni alikuwa juu mnarani. Dada wa mnarani, yule anayeongea na marubani, alikuwa na redio mbele yake.

"Mkeo yumo," alimwambia akitabasamu. "Rubani anasema kuna mtoto ameimba njia nzima."

Fundi Waya akatabasamu naye, akatazama nje, na tabasamu likamfia mdomoni. Ile taa ilikuwa imetoka kwenye mstari. Ilikuwa imesogea kushoto hatua ishirini, na alipokuwa bado anaiangalia ikasogea tena, polepole, kuelekea korongoni kule nje ya uzio, na nyuma yake zikawaka nyingine ambazo hakuzifunga yeye, moja, ya pili, ya tatu, mpaka mstari mzima wa kushoto ukapinda kama mkono unaomwita mtu.

"Dada," alinong'ona. "Mwambie asishuke."

"Kwa nini?"

"Mwambie!"

Dada alishika redio, akaita, akaita tena, na kilichojibu hakikuwa sauti ya rubani bali ule mngurumo, na humo mnarani, kwenye ghorofa ya tatu yenye vioo vilivyofungwa, ikajaa harufu ya udongo mbichi mpaka dada akaziba pua. Mbali angani kilitokea kinukta chekundu. Ndege ilikuwa inakuja, na pua yake ilikuwa imeshaanza kuelekea korongoni.

Fundi alizima swichi kuu. Taa zake zote zikafa. Zile nyingine hazikufa.

"Washa tena!" alimpigia kelele dada. "Washa zote na usizime! Nikiifunika ile ya mbele, ataziona za kweli!"

Akashuka ngazi tatu tatu. Alikimbia kwenye lami, akaruka mtaro, akapenya kwenye uzio ambao bado haukuwa umekazwa na waya ukamchana shati na mgongo asisikie, na mlio wa ndege ukawa unakua nyuma yake, na mlio ule mwingine ukawa unakua chini ya miguu yake, mpaka hakujua tena upi ni upi, na alipofika kwenye ukingo wa korongo aliiona ile taa imesimama juu ya udongo bila kitako wala waya, haina joto, baridi yake ikimuuma meno, akajitupa juu yake kifudifudi, akaifunika kwa kifua chake.

Ikasema. Haikusema masikioni, ilisema mbavuni.

"Mlibomoa kwangu. Nikae wapi?"

"Waache washuke," fundi alilia. "Mtoto wangu yumo mle."

"Nikae wapi?"

Mlio wa ndege ulikuwa juu ya kichwa chake sasa, na upepo wake ukilaza nyasi.

"Popote! Kaa popote unapotaka, ila waache washuke!"

Baridi ikakatika. Nyuma yake taa za kweli ziling'aa zimenyooka, kulia thelathini, kushoto thelathini, hata ile iliyogoma kuwaka, ndege ikainua bawa moja, ikajiweka sawa, na magurudumu yakagusa lami. Fundi Waya alipojiinua, chini yake palikuwa na udongo mkavu tu.

Alirudi ukumbini akichechemea, vumbi mpaka kwenye nyusi. Abiria walikuwa wanaingia. Mkewe alimwona kwanza.

"Jamani, umepigana na nani? Na leo hii!" Alicheka, akamshusha mtoto kwenye vigae vipya. Kidoti alikuwa amevaa miwani midogo myeusi. Mama yake akaivua. "Haya, mama. Baba huyo. Mwangalie baba."

Kidoti alimwangalia. Alianzia kwenye nywele, akashuka kwenye macho, akacheka kidogo alipofika kwenye masharubu. Kisha akashuka kwenye kifua.

Uso wake ukakunjamana. Akainua mkono, akajiziba macho.

"Baba, zima," alisema.

"Ah, taa za humu ndani zinamuumiza," mkewe akasema. "Ni kali mno."

Mama Mluzi, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakutazama taa za ukumbi, alitazama kifua cha fundi. Alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta.

Fundi Waya akapiga magoti, akanyoosha mikono. "Njoo, mwanangu. Ni mimi."

Mtoto akalia. Baba akarudi nyuma hatua moja, na mkono wa mtoto ukashuka kidogo. Akarudi ya pili, ukashuka zaidi. Alipofika kwenye mlango wa kutokea, nje kabisa, gizani, Kidoti aliacha kulia, akafumbua macho yake mapya, akampungia.