Pumzi Ndani ya Ukungu

Kila Jumamosi Kassimu aliamka mapema, akafua sare zake za shule, akajaza ndoo tatu za maji na kufagia uwanja. Ikifika saa nne asubuhi alikuwa huru. Hapo alichukua simu aliyoachiwa na mjomba wake, akateremka vichochoro vya Mikindani mpaka nyumbani kwa akina Zuhura. Ilikuwa nyumba ya zamani ya mawe, yenye kuta nene na chumba kimoja cha chini kisichopata jua hata saa sita mchana. Chumba hicho kilikuwa na ubaridi mwaka mzima. Ndimo walimochezea gemu.

Gemu lenyewe liliitwa Mji wa Ukungu. Wachezaji wanne huunda kikosi na kuingia katika mji uliohamwa na watu, nyumba zake zimezama nusu majini, wakishindana na kikosi kingine kuufikia mnara ulio katikati. Kila mmoja ana kazi yake. Kassimu, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa mshambuliaji. Zuhura, mwenzake wa darasa la saba, alikuwa mlinzi mwenye ngao. Stefano, ambaye baba yake alihamia Mtwara kufanya kazi bandarini, alikuwa mpelelezi: hutangulia mbele na kurudi na habari. Wa nne alikuwa Shamimu, tabibu, anayeponya majeraha ya wenzake.

Shamimu alisoma nao hadi darasa la tano, kisha mama yake akarudi Msimbati kulima mikorosho. Huko alichezea kishikwambi cha kaka yake, kisicho na laini ya kupigia simu. Kwa hiyo sauti zao zilikutana ndani ya gemu tu. Na gemu lilikuwa na sheria moja kali: mchezaji akiuawa hutolewa, na sauti yake hukatika papo hapo.

Mwisho wa kila mchezo hutokea orodha ya walioangusha maadui wengi. Jina la Kassimu halikukosa kuwa juu. Aliipiga picha orodha hiyo na kuizungusha darasani wiki nzima. Tabibu haangushi mtu, hivyo jina la Shamimu halikuwahi kuonekana popote. Kassimu alimwita muuza panadoli.

Walipoingia nusu fainali ya mashindano ya vijana wa kusini, Kassimu alizidi kuvimba kichwa. Katika mazoezi ya mwisho, maiki ya Shamimu ilipitisha sauti za kuku na wadogo zake wakigombea kiti. Kassimu akakasirika.

"Kazi yenyewe ndogo, na hata hiyo unatuletea kelele za jogoo," alimwambia. "Jumamosi utafute mahali pa kimya. Ukishindwa, matabibu wako wengi."

Zuhura alimwambia apunguze maneno. Kassimu akamjibu kwamba bila yeye kikosi kizima kingekuwa kinatazama nusu fainali kwenye simu za watu. Shamimu hakubishana. Alisema, "Sawa," akatoka.

Jumamosi ya nusu fainali ilikuwa ya mwezi wa saba. Shamimu aliingia mapema kuliko wote, akawaambia kwa sauti ndogo kwamba amepata chumba kimya na wadogo zake amewatuma wakacheze mbali. Kweli, upande wake hakukusikika hata kuku mmoja. Alikohoa mara mbili, akaomba radhi. Kisha mchezo ukaanza, dakika thelathini, dhidi ya kikosi cha Songea.

Siku hiyo ukungu wa kwenye gemu ulikuwa mzito. Kassimu hakumngoja mpelelezi wala ngao. Alikimbia peke yake, akaangusha wawili, akajeruhiwa vibaya na kurudi nyuma akimwita tabibu. Tabibu hakuja. Kassimu alimtafuta, akamkuta kwenye kibaraza cha nyumba iliyobomoka. Alikuwa amesimama ameelekea ukutani, mikono imening'inia, maji yanamfika kwenye vifundo vya miguu. Hajongei.

Kassimu alimwita kwa jina. Alimzunguka. Akamtukana kidogo, kama ilivyokuwa kawaida yake. Uso wa tabibu ulibaki umeelekea ukutani.

Ndipo wakaisikia. Ilikuwa sauti nyembamba, kama mluzi unaopita kwenye tundu la mlango. Ilivutwa ndefu, ikakoma. Walipodhani imekwisha ikaanza tena.

Stefano alivua hedfoni sikio moja akaangalia pembe za chumba, kana kwamba sauti ile ilitoka humo humo ndani. "Huyo si Shamimu," alinong'ona. Mtaani kwao waliwahi kusimuliana habari za mchezaji aliyekwisha kufa ambaye jina lake liliendelea kuingia kwenye gemu na kusimama tu, akitazama ukuta. Hakuna aliyeziamini hadithi hizo, ila sasa vinyweleo viliwasimama wote watatu.

Kassimu alijikaza akasema Shamimu amenuna na anataka kuwaharibia makusudi. Akaizima sauti ya Shamimu kwenye simu yake, akaanza kuelekea mnarani na jeraha lake. Kwa dakika moja hivi alicheza kwa amani.

"Kassi," Zuhura alisema taratibu. "Rudisha sauti yake. Kuna mtu anagonga."

Aliirudisha. Mluzi ule ulikuwa umepungua, na chini yake kulikuwa na mlio dhaifu wa kugonga, kama kucha kwenye mbao. Zuhura akasogeza maiki mdomoni. "Shamimu, kama ni wewe, gonga mara mbili."

Wakangoja. Kwenye skrini tabibu alisimama vile vile, ukungu ukimpita mabegani.

Tok. Tok.

Zuhura alikuwa wa kwanza kuelewa. Alikumbuka darasa la nne, Shamimu alivyoanguka kwenye mchakamchaka, akawa anavuta pumzi kwa mluzi kama huo mpaka mwalimu alipompa dawa yake ya kuvuta. Ilikuwa pumu. Hakuwa amenuna wala hakuwa mzuka. Alikuwa mtu aliye hai, peke yake katika chumba wasichokijua, umbali ambao kwa gari ungewachukua zaidi ya saa nzima, naye alikuwa anaishiwa na pumzi masikioni mwao.

Stefano alitoka kwenye gemu mara moja ili atumie simu yake kupiga. Namba ya mama yake Shamimu haikupatikana, maana alikuwa shambani, ambako mtandao haufiki. Akampigia Mwalimu Lukasi, mwalimu wao wa darasa. Mwalimu Lukasi hakuuliza maswali mengi. Alisema anamfahamu Mwalimu Amina anayefundisha Msimbati na kukaa jirani na familia hiyo, akamtumia Stefano namba yake.

Huku nyuma Zuhura alikuwa ameona jambo lililomtisha zaidi ya ule mluzi. Shamimu akiuawa kwenye gemu, sauti inakatika, na hawatajua tena kama anapumua. Kikosi chao kikishindwa, inakatika. Na kikishinda pia, kwa sababu mchezo ukiisha wote hutolewa. Zilibaki dakika kumi na saba. Ilibidi wasishinde wala wasishindwe.

Kassimu alitazama skrini. Mnara ulikuwa mbele yake, na njia ilikuwa nyeupe. Hakuwa amewahi kuwa karibu namna ile na ushindi mkubwa kama huo. Kidole chake kilikuwa tayari.

Mluzi ulivutwa, ukakoma, na safari hii ulichukua muda mrefu zaidi kurudi.

Alimgeuza mtu wake wa kwenye gemu, akarudi kibarazani. "Zuhura," alisema, na sauti yake ilikuwa ngeni hata kwake mwenyewe, "niambie nikae wapi."

Zuhura alimwambia akae nyuma ya ngao, mbele ya Shamimu, na asimfukuze mtu yeyote hata akitukanwa. Songea, waliotaka kuwamaliza kwanza kabla ya kuufuata mnara, walikuja wawili kutoka kwenye ukungu, wakapiga, wakarudi nyuma wakiwacheka kwa kujificha kibarazani kama panya. Kassimu alitamani kuwafuata. Hakuwafuata. Kila baada ya muda alimwomba Shamimu agonge, naye aligonga, kila mara kwa udhaifu zaidi.

Stefano sasa alikuwa anaongea na Mwalimu Amina, aliyekuwa anakimbia kwenye mchanga kuelekea nyumbani kwa akina Shamimu. Alifika, akapiga hodi, akasukuma mlango. Hakukuwa na mtu. Aliingia chumba kimoja hadi kingine akaita. Akamwambia Stefano kwamba labda mtoto ameshatoka.

"Hajatoka," Kassimu alisema bila kuinua macho. "Mwambie aite kwa nguvu."

Wakazuia pumzi zao wenyewe. Kupitia hedfoni, nyuma ya mluzi, Kassimu aliisikia sauti ya mwalimu kwa mbali sana, kama inayotoka chini ya maji. Akasema aende upande wa nyuma, aite tena. Stefano akapeleka maneno. Safari hii sauti ilikuwa karibu kidogo. Aende kulia. Ikafifia. Arudi, aende kushoto.

Wakati huo ngao ya Zuhura ilivunjika na mtu wake akaanguka. Akatolewa. Kwenye gemu walibaki wawili tu, Kassimu na yule asiyejongea. Kassimu alimsogelea Shamimu mpaka migongo ikagusana, akazuia mapigo kwa mwili wake, kipimo cha uhai wake kwenye gemu kikishuka hadi rangi nyekundu. Hakukuwa na tabibu wa kumponya. Alielewa wakati huo, kwa mara ya kwanza, kilichokuwa kikimfanya asife siku zote zile.

"Gonga, Shamimu," alisema. "Gonga hata moja."

Hakugonga. Mluzi nao ulikuwa umekoma. Ukungu ulijaa skrini nzima, na masikioni mwake hapakuwa na kitu chochote.

Kisha ikaja sauti ya komeo kuvunjwa, karibu kabisa, na Mwalimu Amina akiwaambia majirani waliomfuata, "Yuko huku, yuko huku stoo, mtoeni nje apate hewa." Mtu wa Kassimu akaanguka sekunde hiyo hiyo, na tabibu nyuma yake. Skrini ikawa nyeusi, na maandishi yakaonyesha kwamba Songea wameshinda.

Walikaa kwenye chumba kile cha baridi wakiitazama simu ya Stefano iliyokuwa imekatika, hadi ilipolia. Mwalimu Amina alikuwa zahanati. Shamimu amepewa dawa, amevuta hewa, amefungua macho. Zuhura ndiye aliyeanza kulia, na Kassimu akamfuata.

Wiki iliyofuata Mwalimu Lukasi aliwapeleka Msimbati. Walimkuta Shamimu ameketi barazani, amekonda kidogo usoni lakini anacheka, akiwauliza kama kweli wameshindwa kwa aibu kiasi kile. Mama yake, ambaye nguo zake zilikuwa bado na vumbi la shambani, aliitikia shikamoo zao akawaandalia mihogo.

Ni hapo walipojua. Chumba kimya alichokipata Shamimu kilikuwa stoo nyuma ya nyumba, walimoweka mifuko ya salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho. Mfuko mmoja ulikuwa umepasuka. Alifunga mlango kwa komeo ili wadogo zake wasiingie kupiga kelele, na dawa yake ya kuvuta akaisahau ndani ya nyumba.

Kassimu aliweka chini kipande cha muhogo. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimtazama.

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia atafute mahali pa kimya," alisema. "Nilimwambia kazi yake ndogo. Nilimtishia kumtoa."

Zuhura akainamisha kichwa. Mama Shamimu alimgeukia Kassimu.

"Kuweka salfa karibu na mtoto mwenye pumu ni kosa langu, na leo inahama," alisema. "Lako umelitaja mwenyewe, na nimekusikia. Sasa sikiliza. Mimi gemu lenu silijui, lakini kupuliza salfa nakujua. Mustafa, kaka yake huyu, ndiye anayebeba pampu. Wapita njia wanamwona yeye tu, wanasema kijana anachapa kazi. Mimi natangulia mikono mitupu, natazama majani yanainamia wapi. Nikikosea upepo, unga wote unamrudia usoni. Hebu niambie, ni nani anayepuliza?"

"Ninyi wote wawili," Kassimu alijibu.

"Kumbe unajua. Basi kujidai kwako hakukutokana na ujinga. Ulitaka uonekane wewe tu. Mtu akikufanyia kazi ambayo haina kelele, huyo ndiye wa kumshukuru kwanza, maana siku akinyamaza kweli utajuta kama ulivyojuta. Umenielewa, mwanangu?"

Kassimu alisema ameelewa. Akamgeukia Shamimu na kumwomba msamaha mbele ya wote, kwa jina lake, bila utani. Shamimu alisema amemsamehe, ila lile jina la muuza panadoli asilisikie tena hata ndotoni.

Jioni haikuwa mbali. Mustafa na Mwalimu Lukasi walifunga vitambaa puani, wakaanza kuihamisha mifuko kwenda kwenye kibanda kipya mwisho wa shamba. Kassimu alikimbilia kubeba. Mama Shamimu akamzuia kwa mkono, akamsimamisha kati ya stoo na baraza, akamwambia atazame majani ya mikorosho na kupaza sauti upepo ukigeukia upande aliokaa Shamimu.

Alisimama hapo mpaka mfuko wa mwisho ulipoondoka. Wote walitazama mifuko. Kassimu hakuyaondoa macho yake kwenye majani.