Jini Aliyeshindilia Tuta

Bwana Inatosha alijipatia jina hilo kwa uvivu wake mwenyewe. Udongo wa tuta la kuzuia mafuriko humwagwa kidogo kidogo, hulowanishwa na kushindiliwa kabla ya kuongeza mwingine. Yeye, msimamizi mzima, aliumwaga wote kwa mkupuo, pamoja na kichuguu alichokibomoa, akaukanyaga mara mbili kwa viatu vyake vinavyong'aa. "Inatosha!" Na nyumba yake ilikuwa bondeni, mbele ya tuta hilohilo. Kichwa maji hasa.

Kesho yake, mchana kweupe, tuta likaanza kutoa kishindo. Du. Du. Du. Mkewe akatoka jikoni. Hapakuwa na mtu. Harufu ya udongo mbichi ilijaa hadi kwenye nguo za mtoto.

"Mume wangu, kuna mtu ndani ya tuta," alinong'ona.

"Panya hao."

"Panya gani wanatwanga?"

Mvua zikaanza, na kadiri maji yalivyojaa nyuma ya tuta ndivyo kishindo kilivyozidi, kikaingia ukutani, kikatikisa vyombo na kitanda cha mtoto, mpaka jioni moja mke akaanguka sakafuni na kinywani mwake ikatoka sauti nzito, iliyochoka.

"Ulivunja kichuguu, nyumba yangu, ukanifukia nacho humu. Basi nashindilia, nisilale majini. Kazi hii ilikuwa yako, mzembe wewe! Nikitoka, tope lako litashikwa na nani?"

Majirani mlangoni walisikia. Hilo ndilo lililomchoma mpumbavu yule, si mke anayetetemeka chini.

"Mtoe!" akamwamuru mganga aliyekuja pamoja na majirani.

"Lakini bwana, umesikia anavyosema..."

"Jini anifundishe mimi kazi? Mtoe!"

Mganga akafukiza, akasoma, akaamuru. Kishindo kikakoma. Mke akafumbua macho, akasikiliza ule ukimya, akaogopa kuliko mwanzo. Alimbeba mtoto, akakimbilia kilimani. Majirani na mganga wakamfuata. Wao walikuwa na akili.

Bwana Inatosha akapanda juu ya tuta. "Waoga nyie! Tazameni!" Akapiga mguu chini, ukazama hadi gotini. Akauvuta, wa pili nao ukazama, na chini yake maji yakaanza kububujika, mekundu kwa udongo.

"Mrudishe!" akapiga yowe. "Mganga, mrudishe!"

"Nimemwomba," mganga akajibu toka kilimani. "Hataki."

Tuta likapasuka.