Ndege Iliyouliza Ikakosa Jibu

Shamba la Mogesi liko Robanda, ukingoni mwa hifadhi. Tembo wanalijua vizuri kuliko bwana shamba. Kila mahindi yakianza kubeba, Mogesi na mkewe Teresia hukaa roho juu. Huzungushia shamba waya na kuning'iniza makopo. Tembo akigusa, makopo hupiga kelele, na watu hutoka kumfukuza.

Mwaka huo waya haukutosha. Mogesi akakumbuka kilimani, kando ya uwanja mdogo wa ndege. Pale pana kibanda cha mtambo wa redio na mlingoti. Chini ya mlingoti, waya mnene wa shaba uliingia ardhini.

"Waya unaoishia udongoni una kazi gani?" alijiuliza.

Akaukata. Masikini, alijiona mjanja kweli.

Nyumbani, mama yake, bibi Tabitha, alikuwa akisubiri madaktari wa macho. Wangekuja kwa ndege na kutibu watu kwenye zahanati ya kijiji. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili.

"Nikifunguliwa macho nitaanza na huyu mjukuu," alisema. "Nataka nione kama kweli ana pua ya babu yake."

"Anayo, Mama," Teresia alicheka. "Tena kubwa!"

Kabla ya siku ya madaktari mvua kubwa ilinyesha. Radi ilipiga kilimani. Siku ilipofika, wingu zito lilikuwa limeshuka mpaka kwenye vilima. Wagonjwa walikaa zahanati wakisikiliza. Ndege ilikuja. Ilizunguka juu ya wingu, kisha mlio wake ukaanza kufifia.

"Mbona wanaondoka?" bibi Tabitha aliuliza. Mogesi alimshika mkono, wakarudi nyumbani.

Baadaye alifika fundi wa mitambo ya viwanja vya ndege, mama mmoja aitwaye Dorah. Mwenyekiti wa kijiji aliita mkutano.

"Shikamooni wazee," Dorah alisema.

"Marahaba. Tueleze, fundi. Kile kibanda kinafanya nini?" Mogesi aliuliza.

"Baba, ng'ombe wakiibwa hapa mnafanyaje?"

"Tunapiga yowe. Watu wa kilima cha pili wanaitika."

"Wakiitika mara moja?"

"Wako karibu. Sauti ikichelewa kurudi, wako mbali."

"Basi umeshaijua nusu ya kazi yangu. Ndege nayo inapiga yowe, ila kwa mawimbi ya redio. Mtambo wa kilimani unasikia. Unasubiri kidogo sana, muda uleule kila mara, halafu unaitika. Chombo kilicho ndani ya ndege kinapima muda wote uliopita. Kinaondoa ule muda wa kusubiri. Kinagawa kwa mbili, kwa sababu wimbi limekwenda na kurudi. Kasi ya wimbi la redio inajulikana. Kwa hiyo rubani anaona namba: umbali kutoka alipo mpaka kwenye mtambo."

"Na ndege zikiwa nyingi?" Teresia aliuliza.

"Mtambo unazijibu zote. Kila ndege ina mpangilio wake wa kuuliza, kwa hiyo inatambua majibu yake. Wewe si unatambua kengele ya ng'ombe wako?"

"Rubani hana chombo kingine?" Teresia aliuliza tena.

"Anavyo. Lakini kwenye wingu, katikati ya vilima, habahatishi. Aliuliza, hakujibiwa, akageuza ndege."

"Kwa nini hakujibiwa?" Mogesi aliuliza.

"Mtambo uliungua. Ule waya wa shaba ndio hupeleka nguvu ya radi ardhini. Mtu aliukata. Radi ikapita kwenye mtambo."

Mogesi alisimama.

"Ni mimi," alisema. "Nimezungushia shamba."

Watu waliguna. Bibi Tabitha aliinamisha kichwa. Hilo lilimuuma Mogesi kuliko matusi ya mkutano mzima.

Aliurudisha waya siku hiyohiyo. Alimchimbia Dorah mtaro wa kuufukia, akakubali kuwa mlinzi wa kilima bila malipo. Bwana wanyamapori naye aliwafundisha wanakijiji kupaka pilipili na oili chafu kwenye vitambaa na kuvitundika kwenye kamba kuzunguka mashamba. Tembo hawapendi harufu ile. Mahindi yalipona.

Mtambo mpya ulichelewa sana kufika. Ulipofungwa, madaktari walirudi. Siku hiyo pia kulikuwa na wingu, lakini ndege iliuliza, ikajibiwa, ikatua.

Daktari alimpima bibi Tabitha muda mrefu.

"La kulia tutalifungua," alisema. "La kushoto limekufa. Mtoto wa jicho aliiva mno, presha ikapanda ndani ya jicho. Tungefika mara ile, tungeliokoa."

Bandeji ilipotolewa, bibi alimtazama mjukuu, akaicheka ile pua mpaka machozi yakamtoka. Mogesi alikuwa amekaa kushoto kwake, upande ambao haoni. Tangu asubuhi alikuwa amekaa hapo.

"Mogesi yuko wapi?" bibi aliuliza.

"Niko hapa, Mama."

"Hamia upande huu, mwanangu. Nami nikuone."

Alihama. Lakini hakuweza kuinua uso.