Pakiti Zilizokataliwa Mlangoni

Kila jioni Edinah akishavua sare za shule, alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumnywesha magokoro uji. Magokoro ni bibi yake, mama wa mama yake, ambaye tangu mvua zianze hakuwa akitoka kitandani. Edinah alimkalisha, akampangusa midomo, akamsimulia ya shuleni. Kazi ya pili hakutumwa na mtu, aliipenda mwenyewe. Alikimbia hadi sokoni Marani, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la mbolea, ambako mjomba wake Haron alikuwa na kompyuta iliyogawa intaneti kwa watu wote wa bonde lile.

Mjomba Haron alisomea kompyuta chuoni, na hakuchoka kuulizwa maswali.

"Mjomba, mbona siku hizi intaneti inakwama?"

"Kwa sababu kuna simu ya mtu imeingiwa na virusi, inatutupia takataka. Sikiliza. Kila kinachotumwa hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Ndani ya kompyuta kuna kiini kinachosimamia kila kitu, kerneli. Kila pakiti ikifika, kerneli huipitisha mikono mingi kabla ya kujua kama ni nzuri au mbaya. Zikija nyingi, foleni inajaa."

"Kama kule kituo cha kupimia majani ya chai."

"Kabisa! Sasa wewe ungependa karani abebe gunia lako hadi kwenye mizani ndipo aone limejaa majani magumu? Si afadhali alikatae pale mlangoni? Basi ninaandika programu ndogo ya kukaa mlangoni mwa kerneli. Pakiti mbaya inakataliwa kabla haijaingia. Kasi itapanda, utashangaa."

Halafu akamwinulia kidole. "Lakini inabaki kwenye kompyuta ya majaribio hadi niimalize. Kinachokataliwa mlangoni, walio ndani hawajui hata kama kilikuja. Ukikosea, hakuna alama. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Alisikia kweli. Kusikia hakukuwa shida.

Mama yake Edinah, Ruth, alikuwa Uarabuni akifanya kazi za nyumbani. Simu yake huko haikuwa na laini. Alitegemea intaneti ya mwajiri wake, na aliruhusiwa kupiga saa kumi jioni tu. Alipokuwa akiondoka, magokoro hakutaka aende. Walikosana vibaya, na siku ya safari mama huyo mzee alikataa kumpa mkono. Sasa ugonjwa ulikuwa umemlegeza moyo. Alitaka jambo moja tu duniani: kumbariki Ruth kabla hajafa.

"Sema nikurekodi, tumtumie," Haron alimwambia.

"Nibariki chombo?" Magokoro alimtazama kama mtoto mjinga. "Baraka huitikiwa, wewe Haron. Mimi niseme, yeye aseme iwe hivyo. Asipoitikia, nimezungumza na ukuta."

Ruth alipopata habari alituma ujumbe kwamba angepiga Jumatano.

Jumanne Haron alienda Kisii kununua nyaya, akamwachia Edinah ufunguo ili afagie chumba. Nje, vijana walikuwa wameketi na simu zao, wamenuna.

"Edinah!" akaita Cleophas, kijana wa bodaboda. "Hii intaneti ya mjomba wako inatembea na magongo. Mechi yote ni duara linazunguka tu!"

"Mwache," mwingine akasema. "Yeye ni wa kufagia."

Wakacheka. Maneno hayo yalimchoma Edinah. Akaingia ndani, akatazama kioo cha kompyuta. Pakiti ndogo ndogo zilikuwa zikimiminika kama mchanga. Hizo ndizo takataka, akajiambia. Alikuwa amemwona mjomba akiandika mara nyingi. Akaichukua programu ya majaribio, akaiongezea kanuni yake: pakiti ikiwa ndogo, na zinakuja mfululizo, ikataliwe. Kisha akaiweka kwenye kompyuta ile kubwa iliyogawa intaneti.

Nje kukalipuka kelele. "Goooli! Wueh, imeshika! Edinah, wewe ni moto!"

Alirudi nyumbani akiimba.

Kesho yake saa kumi, wakiwa kando ya kitanda cha magokoro, simu iliita. Magokoro aliishika kwa mikono miwili. "Ruth? Ruth?" Simu ilikuwa kimya kama jiwe. Baadaye ukaja ujumbe: *Siwasikii. Nitajaribu kesho.*

Haron alikunja uso. "Ujumbe unapita, video inapita, sauti haipiti. Ajabu. Sauti ya simu huja kwa pakiti ndogo ndogo, za haraka, mfululizo..." Akamgeukia Edinah. "Uligusa kompyuta jana?"

Pakiti ndogo ndogo. Mfululizo. Edinah alielewa palepale, kabla mjomba hajafunga mdomo. Akakumbuka mjomba anavyomwamini, anavyomwita "fundi mwenzangu" mbele ya watu.

"Hapana, mjomba. Nilifagia tu."

"Basi ni antena," Haron akasema.

Asubuhi nzima ya Alhamisi alikuwa juu ya paa kwenye manyunyu, akigeuza antena. Akabadilisha nyaya, akabadilisha kisanduku cha umeme. Mlangoni mwa kerneli hakutazama, kwa kuwa alijua hakuweka kitu pale. Edinah alipotoka shule alikimbia hadi chumba cha kompyuta akitaka kuifuta kanuni kimyakimya, lakini Haron alikuwa ameketi hapohapo mbele ya kompyuta, nguo zimelowa, macho mekundu. Edinah akachukua ufagio. Akafagia pasipo uchafu, akarudi nyumbani.

Saa kumi simu iliita. Magokoro alimwomba kila mtu atoke, isipokuwa Edinah wa kumshikia simu.

"Ruth, mwanangu," akaanza, pumzi zikimkatika. "Siku ile nilikunyima mkono. Leo nakupa yote miwili."

Akangoja. Kimya.

"Nchi ya watu isikumeze. Urudi, ukute mlango uko wazi."

Akangoja tena, sikio limekazwa kwenye simu. Kimya.

"Mtoto uliyeniachia nimemlea. Naye akulee uzeeni."

Akangoja kwa muda mrefu. Kisha akaichukua simu mkononi mwa Edinah, akaiteremsha kifuani.

"Haitikii," akasema polepole. "Bado ana hasira na mimi."

Hapo ndipo Edinah angesema. Maneno machache tu: magokoro, si yeye, ni mimi. Yalifika hadi kwenye ulimi. Aliyameza, akamfunika bibi yake blanketi.

Alfajiri ya Ijumaa magokoro alikuwa ameshaondoka.

Baada ya mazishi, Edinah alimkuta Haron mlangoni mwa chumba cha kompyuta, ameishusha antena kutoka paani. "Naiuza," akasema bila kumtazama. "Fundi gani huyu anayeshindwa kumpa mama yake mzazi simu moja?"

Edinah alipiga magoti palepale kwenye saruji, akalia hadi maneno yakakataa kutoka kwa mpangilio. Lakini aliyasema yote: vijana, kanuni, uongo, na yale ambayo magokoro alisema mwisho.

Haron hakumpiga. Aliketi mbele ya kompyuta, akatafuta, akafuta mstari mmoja. Basi. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Kisha akaufunika uso wake kwa viganja.

Saa kumi jioni Ruth alipiga. Sauti yake ilikuja safi, karibu, kama yuko chumba cha pili. Kitanda kilikuwa kitupu, godoro limeanikwa nje.

"Edinah, mwanangu. Alisema nini?"

Edinah alimweleza, hakuficha hata neno. Upande wa pili kukawa kimya, na safari hii haukuwa ubovu wa mtandao. Mama yake alikuwa akilia.

"Nilikuwa nikiita," Ruth akasema hatimaye. "Siku zote mbili nilikuwa nikiita, mama, mama. Alikufa akidhani nimemnyamazia."

"Nisamehe, mama."

"Sikiliza, Edinah. Kukosea ni kwa kila anayejifunza. Kompyuta ungeiharibu leo, mjomba wako angeitengeneza kesho. Lakini aliuliza, ukasema hapana. Hapo ndipo uliponifungia mlango. Na pale kitandani, hata bila simu, ungeweza kumwambia bibi yako ukweli akalala kwa amani. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, mwanangu, hata kama miguu inatetemeka. Ukingoja, aliyehitaji kuusikia ukweli huenda asiwepo tena."

Edinah aliketi ukingoni mwa kitanda kile kitupu.

"Sasa niambie maneno yake," mama yake akasema. "Kama alivyoyasema. Polepole."

Edinah akafumba macho, akaanza. Kila alipotua, sauti ya Ruth ilivuka bahari bila kukatika, ikaingia katika chumba kile kisichokuwa tena na yule aliyeingoja: "Iwe hivyo, mama. Iwe hivyo."