Shairi Lililokatizwa na Lori

Foleni ya vibali vya kusafiria mjini Meru ilikuwa ndefu asubuhi hiyo, mwaka wa tatu wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Igoki, mwalimu aliyevaa gauni la manjano lenye kola nyeupe, alisikia mtu nyuma yake akinong'ona shairi.

"Bwana, mstari wako haujaisha, nawe umeshaingia wa pili."

"Maneno yamefurika, mwalimu."

"Wanafunzi wangu wanajua: kila mstari hujitosheleza."

"Basi nifundishe. Naitwa Njura, seremala, wa Kanja kule Embu."

Tangu hapo wakawa wanakunywa chai pamoja kila Jumamosi, Igoki akisahihisha, Njura akicheka, vumbi la mbao likiwa bado nyweleni mwake. Igoki akampenda.

Kisha kibali cha Njura kikaisha, na ofisi ikakataa kukiongeza. Aliamriwa arudi Embu siku hiyo hiyo. Igoki alifika mbio, lori la kumrudisha limeshawashwa. Njura akapaza sauti:

"Sitarudi tena Meru..."

Injini ikanguruma. Midomo ya Njura iliendelea kucheza, lakini Igoki alikuwa ameshageuka. Kwake mstari ulikuwa umekamilika.

Miezi ikapita. Siku moja Isaack, mwenye duka la vitambaa lenye simu, akamwita kutoka barabarani.

"Mwalimu! Kuna mtu wa Embu hapa, amekataa kukata simu."

Igoki akaipokea.

"Mpenzi, hujambo?"

"Ulisema hutarudi. Unataka nini?"

"Ulisikia mstari mmoja tu! Tulifungiwa kijijini, leo ndipo nimeruhusiwa kufika mjini. Sasa nisikilize, usinisahihishe."

*Sitarudi tena Meru*
*kukaa peke yangu, la,*
*nitarudi na wazee*
*wetu, tuje kukuposa.*

Igoki akaketi juu ya robota la kitambaa, machozi yakimtoka mbele ya wateja.

"Soma tena. Ukifika mwisho wa mstari, usipumzike."

Akasoma.

"Mistari yako haijitoshelezi, Njura."

"Niirekebishe?"

"Usiguse hata neno. Waje."

"Asante kwa kunisubiri, mpenzi."

"Sikukusubiri. Nilikata tamaa, nikakutukana kila nilipoona lori. Asante wewe, uliyeendelea." Akajifuta uso kwa kiganja. "Wazee wenu ni wangapi? Nataka mama aanze kusaga ulezi wa uji wa kuwakaribisha."