Jogoo Katika Wimbo wa Jelagat

Jelagat hakuwa na gitaa la dukani. Hakuwa na studio, hakuwa na meneja, wala hakuwa na simu yake mwenyewe. Nguo ya kupandia jukwaani hakuwa nayo, na jukwaa lenyewe hakuwahi kulikanyaga. Alichokuwa nacho ni sauti, gitaa la debe lenye nyuzi za breki ya baiskeli, na wimbo mmoja alioutunga mwenyewe.

Kila jioni baada ya shule alipitia karakana ya mjomba wake Bethwel, seremala wa Kibomet, mjini Kitale. Alifagia vumbi la mbao, kisha akaimba huku mjomba akipiga randa. Humo ndimo alimorekodia wimbo wake kwa simu ya mjomba.

Huko Bungoma aliishi Bi Phanice, mwenye blogu ya muziki iliyosomwa na watu wengi. Kila mwezi aliandika kuhusu mwanamuziki mmoja mpya. Jelagat alitamani mwezi huo uwe wake.

"Ukimwambia ulirekodi kwa hili vumbi, atakucheka," rafiki yake Suad alimwonya. "Sema studio ya Kampala, bana. Si ulivuka mpaka wa Suam kwenda Uganda na mamako mwaka jana?"

"Tulienda kununua maharagwe!"

"Na nani atajua?"

Jelagat akaandika: "Mpendwa Mhariri, mimi ni nyota. Nimerekodi Kampala. Mashabiki wangu ni elfu kumi." Kwa simu ya mjomba akautuma ujumbe huo pamoja na wimbo kwa blogu saba, neno kwa neno.

Sita hazikujibu. Siku ya tatu, simu ya mjomba ikalia. Alikuwa Bi Phanice. Mjomba akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Hujambo, mwanangu? Nimeusikiliza wimbo wako mara mbili. Hiyo studio ya Kampala inafuga jogoo?"

Suad akaziba mdomo asicheke.

"Kwenye ubeti wa pili jogoo anawika," Bi Phanice akaendelea. "Na kuna kitu kinakwaruza mwanzo hadi mwisho. Ni nini?"

"Sema ni ngoma ya kisasa," Suad akanong'ona.

Jelagat akamtazama mjomba, aliyesimama na randa mkononi.

"Ni randa, Bi Phanice. Nilidanganya. Nilirekodi kwa karakana ya mjomba wangu. Jogoo ni wa jirani. Mashabiki ni Suad na mjomba."

Upande wa pili kikasikika kicheko kirefu.

"Randa! Na inashika mdundo hivyo? Sikiliza. Nilikuwa karibu kuufuta ujumbe wako, kwa sababu nikiandika uongo wasomaji wataniacha. Lakini habari ya randa hiyo nitaiandika. Niandikie upya ukurasa mmoja, ukweli mtupu, na utie picha. Wimbo uweke kwenye memori kadi, maana kwa simu umefika umefifia. Nafasi ya mwezi huu nakuwekea hadi Ijumaa."

Simu ilipokatika, mjomba akaketi juu ya gogo.

"Umewahi kuisoma blogu yake?"

"Bado, mjomba."

"Basi ulimwendea mtu bila kuijua kazi yake, na ukamficha kitu ulicho nacho wewe peke yako. Studio ziko tele, Jelagat. Karakana yenye wimbo ni hii moja. Anayetaka kujulikana aanze kwa kusema yeye ni nani, naye asione haya."

Jelagat alisoma makala matatu ya Bi Phanice. Yaliyompendeza zaidi yalihusu mzee wa Myanga aliyejifunza muziki akichunga ng'ombe. Ndipo akaandika: "Bi Phanice, kama yule mzee wa Myanga, nami nilijifunzia kazini." Baada ya hapo, maneno yalikuja yenyewe.

Alhamisi alitia barua, picha na kadi ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi ya mbao ya mjomba. Yeye na mjomba wakaipeleka kwenye ofisi ya vifurushi viendavyo Bungoma.

"Ndani kuna nini?" karani akauliza.

"Wimbo," akajibu Jelagat, kichwa juu. "Na jogoo wake."

Karani akaipiga muhuri, nayo bahasha ikaondoka na gari la jioni.